Ndiyo, Ndiyo, Hapana: Shajara ya Kufundisha Kichwa cha Mpigaji

Februari, mwanzo

Mradi huu una lengo moja: kichwa cha mpigaji wa besiboli. Mikono tumeshaifundisha. Vijana wetu wa sekondari hapa Dar es Salaam wanajua kusimama, kushika gongo na kuzungusha kiuno, na nikiwarushia mpira wa mazoezi wanaupeleka mpaka kwenye ukuta wa jirani. Ikija mechi wanageuka watu wengine. Mmoja anauvamia mpira wa kwanza hata ukiwa usawa wa kofia yake. Mwingine anaganda, straiki tatu zinampita katikati kabisa, kisha anarudi benchi akitazama viatu.

Kwa msomaji ambaye besiboli ameiona kwenye filamu tu: mpigaji anasimama kando ya kibao chenye upana wa sentimita 43. Mrushaji yuko mbele yake, umbali wa mita 18.44. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua, ni straiki hata kama mpigaji hakulitikisa gongo. Ukipita nje ya hapo na yeye akauacha, ni boli. Straiki tatu, umetoka. Boli nne, unakwenda bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vile unavyozunguka ili kupata pointi. Kwa hiyo kila mpira unamuuliza: unapiga au unaacha?

Tatizo ni muda wa kujibu. Kwenye ligi kuu ya Marekani, MLB, mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4, na kuzungusha gongo peke yake kunakula kama sekunde 0.15. Warushaji wa shule zetu wakigusa kilomita 100 kwa saa ni wakali, na hapo mpigaji ana kama sekunde 0.6 hivi. Ndani ya muda huo hakuna mtu anayefikiri. Kama hukufikiri kabla, mwili unachagua wenyewe, na mwili wa kijana aliyebanwa na hofu huchagua vibaya.

Ninaposema kujiamini, basi, simaanishi kupiga kifua. Hao wa kupiga kifua tunao tayari, na ndio wanaovamia mpira wa kofia.

Februari, wiki iliyofuata

Leo hatukushika gongo. Tulikaa chini ya mwembe tukapiga mahesabu.

Vijana hawa wametoka kwenye soka la mtaani, ambako ukikosa unachekwa papo hapo. Besiboli inadai hesabu nyingine. Mchezaji wa MLB mwenye wastani wa .300 analipwa mamilioni, na maana ya .300 ni kwamba kati ya zamu kumi zinazohesabiwa ameshindwa saba. Wa mwisho kufika .400 kwa msimu mzima katika American League na National League, ligi mbili zinazounda MLB, ni Ted Williams wa Boston Red Sox, mwaka 1941, aliyemaliza na .406. Katika ligi hizo hakuna aliyemfikia tangu hapo, na bado alishindwa karibu mara sita kwa kumi.

Nikawasimulia siku yake ya mwisho ya msimu ule. Tarehe 28 Septemba asubuhi wastani wake ulikuwa .39955, ambao ukikadiriwa unasomeka .400. Angekaa benchi, ile .400 ingekuwa yake. Akacheza mechi zote mbili za siku ile huko Philadelphia, akapata mapigo sita katika zamu nane.

Nilitegemea wapige makofi. Nusu yao wakasema jamaa alijitafutia matatizo. "Mimi ningekaa, kocha," akasema mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya kibao kudaka mipira ya mrushaji. "Ningekaa na soda yangu baridi." Tulibishana mpaka jua likazama, na mimi nikaona ni mazoezi mazuri kuliko mengi ya kukimbia. Anayesema angekaa ametuonyesha anachokiogopa.

Februari, mwisho

Williams aliacha kitu kingine chenye faida kwetu. Kwenye kitabu chake kuhusu upigaji kuna picha ya eneo la straiki lililojazwa mipira 77, na kila mpira umeandikwa wastani ambao yeye aliamini angeupata akipiga pale. Katikati, .400. Chini kabisa upande wa nje, .230. Mtu yule yule, gongo lile lile, na tofauti yote iko kwenye mpira aliokubali kuupiga. Mwaka ule wa .406 alipewa besi ya bure mara 147 na akatolewa kwa straiki tatu mara 27 tu.

Tukachora eneo la straiki kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa bwalo, kila mmoja kwa kimo chake, na kila mmoja akaweka alama pale anapoona ni pake. Kisha wakapiga mipira iliyowekwa juu ya kigingi, sehemu moja baada ya nyingine, tukilinganisha. Wengi walikuwa wamechora pale wanapopenda. Karibu wote walipenda mpira wa juu, kwa sababu unaonekana mkubwa machoni, na karibu wote walipiga vizuri zaidi ule wa usawa wa kiuno au chini yake kidogo. Kijana mmoja mrefu, mpigaji wa kushoto, aligoma kukubali mpaka mwenzake alipomrekodi kwa simu.

Hapo ndipo tulipoweka sheria ya kwanza ya mradi: kabla hujaingia kwenye sanduku la mpigaji, yaani mistari ya kando ya kibao unaposimama kupiga, taja kwa mdomo wako mpira unaoutaka na unautaka wapi.

Machi, mfungo umeanza

Zaidi ya nusu ya timu wamefunga, na sitamkimbiza kijana alasiri akiwa na kiu. Ratiba imegeuka, na kwa kweli imegeuka kwa faida yetu.

Zoezi la mwezi huu halina jasho. Mrushaji anarusha kwa nguvu yake ya mechi (hawa tumewapanga miongoni mwa wasiofunga). Mpigaji anasimama na gongo begani, marufuku kulizungusha. Kazi yake ni kusema "piga" au "acha" kwa sauti kabla mpira haujalia kwenye glovu ya mdakaji. Mdakaji anasema ulipopita.

Siku za mwanzo glovu ililia kwanza, sauti ikafuata. Kijana anaona mpira umeshadakwa, ndipo anasema "acha" kama hakimu. Nikagundua wengi wanamtazama mrushaji usoni, tena wale wanaomwogopa ndio wanaomkodolea zaidi. Tukawaelekeza hivi: mrushaji akiwa anajiandaa, tuliza macho kwenye nembo ya kofia yake; mkono ukianza kuja, yahamishie pale mpira utakapoachiwa. Ukikaza macho mapema kwenye hewa tupu yanachoka kabla ya kazi.

Makocha wa dunia nzima hupiga kelele, "Tazama mpira mpaka ugongwe!" Jicho la binadamu haliwezi. Hata wapigaji wa kulipwa wanaupoteza mpira kwenye hatua za mwisho kabla ya kibao, kwa sababu unapita kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Habari yote ya maana iko mwanzoni, kwenye vidole vya mrushaji.

Machi, mabinti wa rede

Mabinti wa softiboli wameomba kuingia kwenye mradi. Mchezo wao ni ndugu wa huu wetu: mpira mkubwa zaidi, unarushwa kwa mkono wa chini, na mrushaji yuko mita 13.11 tu.

Zoezi la "piga" na "acha" wamelimaliza kwa aibu yetu wanaume. Sauti zao zinatoka mapema na kwa sehemu kubwa ziko sahihi. Nikauliza walijifunzia wapi, wakanicheka. Rede. Msichana aliyekulia uswahilini amesimama katikati miaka yote ya utoto wake, wawili wanamrushia mpira kutoka pande mbili, yeye anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Asiyesoma bega la mrushaji kwenye rede hajazi chupa hata siku moja.

Lakini rede ina deni lake pia. Mpira ukija karibu na mwili, miguu yao inakumbuka kukwepa: goti linaruka, bega la mbele linafunguka, zamu imekwisha. Hofu hii huwezi kuiondoa kwa maneno. Tumechukua mipira ya tenisi, tunawarushia kwa makusudi usawa wa mbavu, na wanajifunza kugeuza bega kwa ndani ili mpira uupate mgongo. Mpira wa tenisi hauumizi. Binti akishagongwa na kucheka, mpira wa pembeni unaanza kuonekana kama mpira wa kawaida.

Nilipowaambia wavulana kwamba sasa watafundishwa kusoma mkono na dada zao, kulikuwa na ukimya fulani. Wamekubali.

Aprili, masika

Uwanja ni bwawa. Wetu una mteremko upande wa besi ya tatu na maji yote ya kata yanajua njia. Uwanja wa maana wa besiboli hapa mjini uko Azania Sekondari, uliojengwa kwa msaada wa Japani, na huwezi kwenda kuomba kila mvua ikinyesha.

Tumehamia kwenye banda la mikutano na kuazima mchezo wa watoto wa Jamhuri ya Dominika. Kule wanauita vitilla: gongo ni mpini wa fagio, mpira ni kifuniko cha dumu kubwa la maji ya kunywa. Wachezaji wengi wa MLB waliotoka kisiwa kile walianzia hapo. Madumu hayo hata Dar yamejaa kila ofisi, vifuniko vinatupwa. Kifuniko kikirushwa kwa ubapa kinapinda, kinazama, kinapanda, hakina adabu kabisa. Ukikivamia unapiga upepo. Ukikisubiri kikafika, kinalia "tak!" kwenye mti na banda zima linashangilia.

Mwalimu wa taaluma amekuja mara moja kuhusu kelele. Ameondoka baada ya kupewa fagio ajaribu, na ajaribu tena.

Aprili, pumzi

Sasa tuko kwenye sehemu ambayo niliiogopa itaonekana ya kitabuni: afanye nini mpigaji kati ya mpira mmoja na mwingine?

Aliyeifanya kazi hii ijulikane Marekani ni mwanasaikolojia wa michezo Ken Ravizza, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Cal State Fullerton na baadaye akafanya kazi na Chicago Cubs. Mwaka 2004 timu ya Fullerton ilianza msimu kwa kushinda 15 na kupoteza 16, ikamaliza ikiwa bingwa wa vyuo. Kwenye benchi lao walikuwa na kichoo kidogo cha mchezo: ukiharibu, unavuta maji, limekwenda. Vijana wangu wamelipenda jambo hili kupita kiasi na kwa siku kadhaa kila kosa uwanjani lilifuatwa na sauti ya maji kutoka vinywani mwao.

Evan Longoria, ambaye baadaye alicheza MLB kwa miaka mingi, alikuwa akitoka kwenye sanduku na kutazama nguzo ya faulo, ile inayoonyesha mpaka wa uwanja, upande wa kushoto. Nguzo haikuwa na dawa. Ilikuwa mahali pa kuweka macho mpaka pumzi ishuke. Sisi nguzo hatuna. Kila mmoja amechagua chake: mwembe, tangi la maji, mwingine mshono wa glovu yake mwenyewe. Utaratibu ni mfupi: toka nje kwa mguu mmoja, macho kwenye alama yako, pumzi moja ya kutoa polepole, taja mpira unaoutaka, ingia.

Wengi hapa wamesoma habari za Ichiro Suzuki kwa sababu walimu wa kwanza wa mchezo huu nchini ni Wajapani, na mashindano ya taifa ya shule yenyewe tumeyaita Koshien, jina la uwanja wa kule uliofunguliwa mwaka 1924. Ichiro, mwenye rekodi ya mapigo 262 kwa msimu mmoja wa MLB, mwaka 2004, kila zamu alilinyoosha gongo mbele kumwelekea mrushaji na kuvuta mkono wa fulana begani. Basi timu nzima sasa inavuta mikono ya fulana. Nimewaacha, mradi wasisahau kupumua. Ishara inaigika kwa dakika moja. Nikiwauliza mnataka mpira gani, ndipo napata kujua nani amemwiga Ichiro na nani amemwiga fulana.

Mei, mwanzo

Jua limerudi na tatizo jipya limekuja nalo. "Acha" imekuwa tamu. Vijana wanne watano hivi wanaingia kwenye sanduku wakiwa tayari wamepanga kupewa besi ya bure. Warushaji wengi wa shule wanatawanya mipira, kwa hiyo mara nyingi inafanikiwa, wakapigiwa makofi kwa nidhamu. Walipokutana na mrushaji anayepiga kona za kibao, wakajikuta wana straiki mbili kabla hawajaamka.

Nidhamu ya kuacha mpira mbaya ina thamani kwa mtu aliyekuja kupiga mzuri. Asiyekuja kupiga hana nidhamu yoyote, amepumzika tu amesimama.

Ndipo tukaleta mpangilio ambao makocha wengi wa Marekani wanaufundisha: ndiyo, ndiyo, hapana. Mrushaji akiinua mguu, jibu lako ni ndiyo. Mkono ukija, bado ni ndiyo, mguu wako wa mbele umeshaanza kutua na mikono iko tayari. "Hapana" inakuja mwishoni kabisa, tena kwa sababu mpira wenyewe umekukataza. Kwa macho ya mtu wa nje, mpigaji aliyesimamisha pigo njiani na yule aliyelala wote wameacha mpira. Ukisimama pembeni unaona tofauti kwenye goti la mbele.

Na hesabu ya mipira ina kazi yake. Ukiwa na boli mbili bila straiki, au tatu kwa moja, eneo lako ni dogo kama alama uliyochora ukutani, na mpira ukiingia humo uupige kwa nguvu zote. Ukiwa na straiki mbili, eneo linapanuka hadi mipaka ya mwamuzi na zaidi kidogo, unashika gongo juu zaidi, unafupisha pigo. Hata MLB, hesabu ikiwa straiki mbili bila boli, wastani wa wapigaji unashuka chini ya .200. Tony Gwynn, aliyefikisha .394 mwaka 1994, alitolewa kwa straiki mara 434 tu katika misimu 20, na hakuwa mtu wa kubembeleza besi za bure. Alipiga. Picha za video za zamu zake alizitazama bila kuchoka, enzi ambazo wenzake wengi hawakuwa na desturi hiyo.

Kijana mmoja ambaye mjomba wake ni mchuuzi wa samaki amelieleza kwa ufupi kuliko mimi: "Ni mnada wa Feri, kocha. Ukienda bila bei kichwani, unarudi na samaki usiyemtaka. Na ukienda kutazama tu, unarudi na ndoo tupu." Nimemwambia arudie mbele ya wote.

Mei, daftari

Daftari la mechi sasa lina safu mbili kwa kila zamu. Ya kwanza ni uamuzi: alikuwa na mpango? aliufuata? Ya pili ni matokeo ya kawaida, pigo au ametoka. Safu hizi zinagombana kila wiki.

Juni, mechi ya kirafiki

Wenyeji wetu walikuwa na mrushaji wa kweli, mkono wa kulia, mtulivu.

Mpigaji wetu wa kushoto aliingia zamu yake ya pili na mpango wa mpira wa ndani usawa wa kiuno. Mpira wa kwanza ulipita nje kwa kiganja kizima na mwamuzi akasema straiki. Februari kijana huyu angegeuka kumkodolea mwamuzi. Alitoka kwa mguu mmoja, akatazama mwembe (nao wana mwembe), akarudi. Akapata straiki ya pili kwa faulo, yaani mpira uliogongwa ukatoka nje ya mistari, ambao kwa kawaida hauhesabiwi kuwa straiki ya tatu. Kisha akapandisha mikono kwenye gongo, akakata mpira wa nje kwa faulo, akaacha mmoja wa chini uliozama, akakata mwingine, na wa mwisho akaupiga mstari mkali uliokwenda moja kwa moja kwenye glovu ya mlinzi wa besi ya tatu, akaudaka hewani. Ametoka. Benchi la wenyeji lilipumua.

Zamu iliyofuata mwenzake alivamia mpira wa vifundoni, gongo likaugusa kwa ncha, ukaelea juu ya vichwa vya wazuiaji wa ndani na kudondoka mchangani. Besi moja, na mchezaji wetu aliyekuwa besi ya tatu akafunga pointi.

Kwenye daftari wa kwanza amepata alama ya juu ya uamuzi, wa pili amepata sifuri. Msaidizi wangu amekasirika mpaka njia nzima ya kurudi kwenye daladala. "Pointi ni pointi, kocha. Utamwambiaje mtoto amekosea wakati sisi tumeshangilia?" Nilimjibu kwamba makofi ni ya pointi na daftari ni la Jumatatu. Hakuridhika, na ana haki kwa upande mmoja: ukimsifia kijana uamuzi kila siku huku jina lake halipandi kwenye ubao wa matokeo, ataacha kukuamini kabla hajajiamini. Tumekubaliana kwamba wachezaji wenyewe ndio wajaze safu ya kwanza, mara tu wakitoka uwanjani, kabla hatujawaambia neno. Sisi tutalinganisha baadaye.

Mechi tulipoteza kwa pointi moja.

Juni, mwisho

Daftari sasa liko mikononi mwa mabinti, na ni wakali kuliko sisi. Nahodha wao amemwandikia mdakaji wetu, yule wa soda, "hakuwa na mpango, alidanganya kwamba anao." Amelalamika. Nimesoma zamu yake upya kwenye simu, nahodha yuko sahihi.

Kinachofuata ni mpira wa kupinda. Mrushaji mmoja wa timu yetu ameanza kuurusha vizuri na zoezi la "piga" na "acha" limerudi kuwa la kubahatisha, sauti zimechelewa tena kama Machi. Julai tunarudi kwenye ukuta wa bwalo na vifuniko vya madumu, safari hii vikirushwa na huyo huyo, na wanaoanza kupiga ni wale wanne watano waliopenda kuacha.